Bi Dorrett Achagua Hoteli ya Harusi

Simu ilimkuta Bi Dorrett Pinnock amechutama uani, anapanga makaa juu ya kifuniko cha sufuria, maana pudini ya viazi vitamu bila moto juu na moto chini si pudini, ni uji uliolala. Akaibana simu kwa bega. Alikuwa binti yake Kadian, kutoka Toronto.

"Mama, harusi tumeamua tufungie huko kwenu Jamaika. Hotelini, ufukweni. Zipo hoteli tatu tunazoziangalia, na wewe ndiye wa kutuchagulia."

"Mimi tena?"

"Si umezifanyia kazi zote tatu, mama? Nani atazijua kukushinda?"

Kaa la moto likaanguka karibu na dole gumba la mguu, Bi Dorrett hata asilione. Akasema haya mwanangu, nitaangalia, Mungu akulinde, na simu ikakatika. Akabaki amechutama vile vile mpaka pudini ikaungua juu.

Sasa mtauliza, mwanamke mtu mzima, amezika mume, amepigwa na vimbunga na paa akalirudisha kwa mikono yake, anababaikaje kwa swali la hoteli? Ngojeni niwaambie. Kadian alipandishwa ndege akiwa na miaka tisa, akaenda kulelewa Kanada na Vinnette, dada mkubwa wa Bi Dorrett. Tangu siku ile hakumwomba mama yake kitu. Si nguo, si ushauri, si namna ya kupika mchuzi. Alipiga simu Krismasi, akauliza afya, akashukuru, akakata. Alikuja mara moja tu, bibi yake alipozikwa, akakaa kwenye kiti cha mbele kama mgeni rasmi. Adabu tupu. Na adabu ya mtoto kwa mama yake ikizidi kipimo, jamani, hiyo si adabu tena, ni ukuta. Leo ukuta umetoa sauti, umeomba kitu kimoja. Bi Dorrett akajiambia: nikikosea hapa nimempoteza mara ya pili, na safari hii sitakuwa na wa kumsingizia.

Na kweli alizifanyia kazi zote tatu. Zina majina marefu ya kujisifu, lakini sisi wa wilaya hii ya Hanover tuna majina yetu. Ya kwanza tunaiita Keki, kwa kuwa ni nyeupe na imepandana ghorofa juu ya ghorofa. Ya pili ni Uzio. Humo wanaingia watu wawili wawili tu, wapenzi, mtoto haruhusiwi hata kulilia nje. Ya tatu, upande wa Montego Bay, ni Mkongwe, imejengwa zamani na rangi yake inabanduka. Zote tatu biashara ni moja: umelipa mlangoni, umefungwa bangili ya plastiki, basi ndani kula hadi upasuke na kunywa hadi umsahau mkeo.

Lakini Bi Dorrett alizijua kwa mgongo. Aliweza kukuambia mashuka ya Keki ni mazito yakilowa, na kwamba Uzio wageni wanaoga mara nyingi kupita kiasi. Vitanda vya hoteli zile amevitandika hadi mikono ikakakamaa, ila kukilalia kimoja, hata kuegemea tu, hajawahi. Ukimuuliza ipi tamu kulala, atajibu nini? Chakula chake kipi kitamu? Yeye alikula kwenye kantini ya wafanyakazi, mabawa ya kuku na wali, kila siku ya Mungu. Akawa anazunguka nyumbani kwake Jeriko, huko mlimani juu ya mji wa Lucea, anajisemea Keki, hapana Uzio, hapana Keki, hadi kuku wakawa wanamkwepa.

Akamwuliza jirani yake, Bi Birdie, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu Birdie ukimwuliza njia ya dukani atakupa na maisha ya mwenye duka.

"Hotelini?" Birdie akasonya, msonyo mrefu wa kufika baharini. "Harusi ya kuvalishwa bangili kama mgonjwa wa wodini? Na mbuzi je? Nani atachinja mbuzi? Sisi wa Jeriko tutapitia wapi, dirishani?"

"Kila aliyealikwa atapewa bangili yake, Birdie."

"Aliyealikwa! Tangu lini mtu wa Jeriko akaalikwa harusini? Mtu anasikia muziki, anavaa viatu, anakuja."

"Nimekuuliza ipi nzuri."

"Zote zinauza bahari ya Mungu. Mchagua nazi hupata koroma, shoga. Fumba macho, gusa moja, halafu niambie siku ya mbuzi."

Bi Dorrett akarudi kwake na kichwa kimezidi kuwa kizito. Usiku ule ule akaamua: Keki. Kubwa, nyeupe, ghali. Mtoto aliyekulia Kanada atataka kikubwa, hatataka nini? Akampigia Kadian kumpa jibu. Kadian akasema, "Nitakuja, mama. Tuzione zote pamoja, wewe na mimi tu. Lennox atabaki." Lennox ndiye mchumba.

Hapo ndipo Bi Dorrett alipopotea kabisa. Ameombwa achague, amechagua, na aliyemwomba anapanda ndege kuja kuchagua upya!

*

Kadian alifika na gari la kukodi, mrefu, nywele amezifunga juu, miwani ya jua usoni. Akamkumbatia mama yake kwa bega moja. Huko kwao wanaendesha upande wa kulia, huku kushoto, kwa hiyo kila walipokutana na lori Bi Dorrett alianza Zaburi na hakuimaliza. Mtu akikuogopesha hali ndio kwanza unamtafuta, unanyamaza.

Walianza na Keki, upande wa Green Island. "Kata hapo kwenye mti wa mkungu," Bi Dorrett akaelekeza, na Kadian akakata, na wakajikuta mbele ya lango dogo la chuma, kando ya mapipa ya taka, mlinzi anawatazama.

"Bi Dorrett! Goti limepona? Umerudi kazini?"

Masikini, miguu ina akili yake. Alikuwa amempeleka bibi harusi kwenye lango la wafanyakazi. "La, nime... tumekuja kutembea," akasema, na kwa haya akaanza kucheka peke yake. "Geuza mwanangu, geuza, lango lenyewe liko kule kwenye maua."

Kadian hakugeuza. Alivua miwani, akalitazama lile lango, ile njia ya saruji inayopotea nyuma ya majenereta. "Ulikuwa unapita hapa kila siku?"

"Kwani nipite wapi? Geuza, watu wanatuangalia."

Mapokezi wakapewa glasi za juisi ya rosela yenye barafu na bangili za rangi ya waridi, za wageni wa siku moja. Dada wa idara ya harusi, kijana na mwepesi, jina lake Shereen, akawatembeza. Hapa ndipo mnapoapia. Hapa ndipo bendi inapokaa. Migahawa hii, wa Kiitaliano huu, wa samaki ule. Bwawa hili lina baa ndani ya maji, mtu anakunywa amekaa majini hadi kiunoni. Bi Dorrett alikuwa anamtazama binti yake usoni tu, anatafuta dalili. Amependa? Hajapenda? Uso ule ulikuwa mlango uliofungwa.

"Una swali lolote, dada?" Shereen akamwuliza Kadian.

"Ndiyo. Wafanyakazi huwa wanakaa wapi?"

Shereen akamtazama Bi Dorrett, kana kwamba yeye ndiye mkalimani. "Wakati wa harusi? Hawakai, dada. Wanahudumia. Hutawaona kabisa."

"Hutawaona kabisa," Kadian akarudia.

Bi Dorrett akabaki anajiuliza. Ana maana gani? Ananicheka? Anaona aibu, watu wa Lennox wasije wakajua mama mkwe alikuwa anasugua vyoo humu? Akajitahidi kuokoa mambo. "Mashuka ya hapa ni mazito sana, Kadi. Kitu cha maana. Na taulo wanakunja bata, shingo mbili zinagusana, zinakuwa kopa. Mimi mwenyewe nilikuwa nayakunja."

"Sawa, mama."

Wakakaa kula. Vyakula vimepangwa mezani toka huku hadi kule, aki, lile tunda letu la kupika, na samaki wa chumvi, shelisheli ya kuchoma, nyama zinazokatwa mbele yako, na keki ndogo ndogo zinazoonekana kama sabuni. Bi Dorrett akachukua kipande kimoja cha shelisheli. Kukaa akakaa ukingoni mwa kiti. Mgeni wa meza ya pili aliponyanyuka na kuacha vyombo vyake, mikono ya Bi Dorrett ikaondoka yenyewe: akapanga sahani, akakusanya vijiko, akafuta meza kwa kitambaa chake cha mkononi. Mhudumu akaja mbio.

"Bi Dorrett, nakusihi," akamnong'oneza, "umevaa bangili! Meneja akiona mgeni anafuta meza, mimi kesho niko nyumbani."

"Samahani, mwanangu. Samahani."

Akarudi kukaa. Kadian alikuwa ameacha kula, anamtazama, macho yamekuwa makubwa, na Bi Dorrett akajua basi, hapa nimeshaharibu. Keki kwaheri.

*

Uzio ilikuwa mbaya zaidi kwa kuwa ilikuwa nzuri zaidi. Kimya kama kanisa siku ya kazi. Kila chumba na mtu wake wa kukutumikia, mvua inakunyeshea bafuni kutoka darini, na mchanga wa ufukweni unachekechwa kila alfajiri usiwe na jiwe. Aliyewapokea alikuwa kijana mwenye glavu nyeupe. Alipouliza wanaume wa msafara wako wapi, Kadian akasema, "Leo ni mama na mimi," na kijana akainama kidogo. Bi Dorrett naye akainama. Halafu akajichukia kwa kuinama.

Kwenye korido wakakutana na mama mmoja anasukuma toroli la kufanyia usafi. Yule mama kuwaona tu akageuza uso ukutani, akasimama hivyo hivyo mpaka wapite.

"Kafanyaje?" Kadian akauliza.

"Ndiyo kanuni ya hapa. Mgeni akipita usimtazame. Unampa faragha yake."

"Na wewe ulikuwa unageukia ukutani?"

"Mbona unauliza maswali kama polisi, Kadi? Ukuta haukuwa na shida. Ulikuwa na picha za samaki." Akacheka. Kadian hakucheka.

Walipokuwa wanatoka, Bi Dorrett akamfungulia bawabu mkoba wake wazi, vitambaa na pipi za mnanaa zote nje, apekue aone hakuna sabuni wala taulo la hoteli. Ndivyo walivyotoka kazini kila jioni, miaka nenda miaka rudi. Bawabu maskini hakujua atazame wapi. Akasema, "Karibu tena, mama," akafunga ule mkoba yeye mwenyewe, taratibu.

Ndani ya gari Bi Dorrett akashindwa kuvumilia. "Haya, sema. Keki au Uzio? Mimi naona Uzio. Mashuka yake ni laini, hayaachi doa, na bafu..."

"Mama, sikuja kununua mashuka!"

Sauti ilijaa gari zima. Nje mbuzi wawili walikuwa wanavuka barabara kwa raha zao, na Kadian akawapigia honi ambayo haikuwastahili.

"Sasa umekuja kutafuta nini?" Bi Dorrett akasema, na sauti yake nayo ikapanda. "Bahari umeona! Chakula umeona! Unawauliza watu wafanyakazi wanakaa wapi, wewe unaolewa au unakagua? Mimi sielewi, Kadian. Ninajitahidi, Mungu shahidi, lakini sielewi unataka nini! Niambie unachopenda basi. Mimi ni mama yako na sijui mwanangu anapenda nini!"

Hilo la mwisho lilimtoka bila kupanga. Likakaa hapo katikati yao.

"Hata mimi sijui, mama," Kadian akasema. "Nilipoondoka, ulikuwa hoteli ipi?"

"Wakati ule? Mkongwe. Lakini huko hatuendi. Rangi imebanduka, lifti zinakwama, ufukwe umejaa mwani unanuka mayai viza. Watu wa Lennox watatucheka."

"Kesho tunakwenda Mkongwe."

*

Kwa hiyo asubuhi yake wakaenda Mkongwe, Bi Dorrett amenuna, Kadian ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Mapokezi palikuwa na ndoo inayokinga maji ya mashine ya hewa. Hakukuwa na dada wa harusi. Karani akawafunga bangili za kijani na kuwaambia tembeeni mtakako.

Kadian hakuongozwa. Alikwenda moja kwa moja, anapita kaunta, anapita ukumbi, mpaka nje kwenye bwawa. Ni bwawa la zamani, na chini yake wamechora kwa vigae pomboo mkubwa wa buluu anaruka. Wazee wawili wa Kizungu walikuwa wanaelea na ramu zao. Kadian akasimama ukingoni, akashika mdomo.

"Ndilo hili," akasema. "Mama, ndilo lenyewe."

"Ndilo nini?"

"Pomboo yule."

Bi Dorrett akatazama pomboo. Akamtazama binti yake. Machozi yalikuwa yanateremka chini ya miwani. "Mwanangu, unanitisha. Keti. Keti hapa." Akavuta kiti cha ufukweni, na safari hii wala hakukifuta.

Kadian akaketi. Akaanza kusema, na maneno yakaja mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia mama yake kwa mara moja. Kwamba alipofika Toronto ilikuwa theluji mpaka magotini. Kwamba kila usiku alimlilia mama, na mama mkubwa Vinnette alimwambia, "Mama yako yuko hotelini, mwanangu. Mama yuko hotelini." Kwamba msimu ule wa baridi televisheni ilikuwa inarusha tangazo, kila jioni kabla ya habari: bahari, minazi, watu wanacheka ndani ya bwawa lenye pomboo chini yake. Na Vinnette, kwa nia njema kabisa, akamwonyesha kwa kidole. Tazama, Kadi, hapo ndipo mama yako alipo!

"Nikawa nakutafuta," Kadian akasema. "Nasogea hadi kwenye kioo. Kulikuwa na mwanamke kwa mbali, amevaa kofia, ana glasi mkononi, anacheka. Nikasema ni wewe. Nikasema, amenileta kwenye baridi ili yeye abaki huko anywe na kucheka."

"Mimi?" Bi Dorrett akasema. "Ndani ya bwawa?"

"Nilikuwa na miaka tisa, mama! Hoteli kwangu ilikuwa ni hilo. Nani aliniambia kuna kufua? Baadaye nikakua, nikaelewa, si mjinga. Kichwani nilielewa. Lakini nikikupigia simu, niliyekuwa nazungumza naye ni yule wa kofia."

Miaka yote ile ya adabu, ya ahsante na kukata! Bi Dorrett alidhani mtoto amekuwa Mzungu. Alidhani Vinnette amemteka moyo wake. Alidhani mengi, na kila alilodhani alilililia kivyake. Hakuwahi kudhani kwamba mahali fulani huko kwenye theluji kulikuwa na Dorrett mwingine, mwenye kofia, anayekunywa.

"Kwa hiyo harusi tufanyie hapa?" akauliza, kwa sababu hakujua aulize nini kingine. "Pamoja na mwani?"

Kadian akacheka huku analia. "Harusi ni Keki, mama. Lennox ameshaweka nafasi tangu Januari."

"Tangu Januari!" Bi Dorrett akasimama. "Na mimi umenipa kazi ya kuchagua! Sijalala! Kuku wamenikimbia! Birdie amenisema mpaka nimekonda! Ulinizungusha ya nini, mtoto mbaya wewe?"

"Sikujua niombeje. Ningesemaje, mama, nipeleke ulikokuwa? Sikujua hata ni ipi. Nikasema tuzizungukie zote, nitaijua." Akajifuta pua kwa mkono, kama watoto wa Jeriko. "Sasa nionyeshe. Siyo hapa. Pale penyewe."

*

Chumba cha kufulia cha Mkongwe kiko nyuma ya jiko, unashuka ngazi. Msimamizi, Bwana Alton, alikuwa kijana mwembamba enzi za Bi Dorrett. Sasa ana tumbo na mvi, na alipomwona akapiga makofi. Alipoambiwa wanataka nini akakuna kichwa, wageni hawaruhusiwi, kisha akatazama nyuma yake na kuwafungulia. "Dakika chache tu, Bi Dorrett. Meneja akija mmepotea njia."

Joto likawapokea mlangoni. Hakuna dirisha. Mashine zinazunguka, mvuke umetanda, na sakafu imelowa. Kadian mara akawa ametota jasho, nywele zake zote za Toronto zimelala.

"Hapa," Bi Dorrett akasema. Alilazimika kupaza sauti. "Hii mashine ya pasi ndiyo ile ile, wamebadilisha mikanda tu. Mmoja anaingiza shuka huku, mwingine anapokea kule. Mimi nilikuwa wa kupokea. Ukichelewa linakuunguza." Akamwonyesha kovu kwenye kiganja, na Kadian akalishika, akalipapasa kwa kidole. Hakuwahi kuliona.

"Na siku niliyoondoka?"

"Nilikuwa hapa hapa."

"Kwa nini hukuja kuniaga uwanjani? Mama mkubwa alisema una kazi. Nilikungoja mpaka mlango wa mwisho."

Ndilo swali lenyewe, jamani. Bi Dorrett alilijua tangu zamani kwamba litakuja, akawa ameliandalia majibu ya kila namna, na sasa majibu yote yakamtoroka. "Nilikuaga alfajiri, ulikuwa umesinzia. Ulikuwa msimu wa wageni. Niliomba ruhusa, wakaninyima, wakasema ukitoka leo usirudi. Nisingerudi, ungekula nini huko? Nilikuwa nikuletee... nikutumie..."

Juu yao kitu kikanguruma. Kikazidi, kikapita kelele za mashine, mabati yakatetemeka, halafu kikaenda zake. Kadian akatazama juu.

"Ndege," Bi Dorrett akasema. "Uwanja uko hapo tu. Zinapita juu ya paa hili zote, za kuja na za kwenda." Akawa anaitazama ile mashine ya pasi, hamtazami mtoto. "Siku ile nilijua utapita. Ila saa sikuijua, Vinnette hakuniambia saa. Ikapita moja, nikasema ndiyo hii. Nikaacha shuka, nikapunga mkono, hivi, kwenye bati. Alton akanicheka. Nikakaa kidogo, ikapita nyingine. Nikasema la, ile haikuwa yenyewe, ni hii. Nikapunga tena. Halafu nyingine. Zilikuwa nyingi siku ile, Kadi, watu wa Krismasi. Sikujua ipi yako. Basi nikazipungia zote, mpaka jioni."

Kadian alivuta shuka lililokuwa linatoka kwenye mashine, jeupe, la moto bado, akalifunika usoni na kuangua kilio humo ndani, kilio cha mtoto mdogo, mabega yote yanaruka. Bwana Alton aliyekuwa anakuja kusema muda umekwisha akarudi kinyumenyume, akaufunga mlango.

Na Bi Dorrett akamzungushia mikono, pamoja na lile shuka la watu.

"Lia tu, mwanangu," akamwambia sikioni. "Litafuliwa."